Hewa Kavu na Afya ya Ngozi

Kila mwaka, kipupwe kiingiapo katika nyanda za kati za Tanzania, wakazi wa Dodoma na Singida huona ngozi zao zikipauka, midomo ikipasuka na visigino vikifanya magaga. Watoto wenye ukurutu hujikuna usiku kucha. Wengi husema kuwa ni baridi tu, lakini lawama kubwa ni ya hewa kavu. Yafaa basi tuelewe jinsi inavyotenda.

Ukavu wa hewa

Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Katika nyuzi 14 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa hushiba kwa gramu 12 hivi za mvuke. Katika nyuzi 28 huhitaji gramu 27 hivi. Kwa hiyo hewa iliyoshiba alfajiri, ikipata joto la mchana bila kuongezewa maji, huwa na chini ya nusu ya mvuke inaoweza kuubeba. Katika hewa ya namna hiyo, maji ya ngozi hutoweka upesi.

Ukuta wa ngozi

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni chembe zilizokufa, zilizopangwa mfano wa matofali, na mafuta yaliyo baina yake huzishika kama udongo wa kujengea. Ndani ya chembe hizo mna vitu vishikavyo maji, vitokanavyo na protini iitwayo filagrini. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, walionyesha kwamba watu waliorithi kasoro katika jeni ya protini hiyo hupatwa na ukurutu kwa urahisi zaidi.

Maji yakipungua mno, tabaka hilo hukakamaa, hutoa magamba na kupasuka. Sabuni, vumbi na bakteria hupenya katika nyufa. Chembe hai zilizo chini hutoa ishara za hatari, damu huja kwa wingi, na ngozi huvimba, hupata joto na kuwasha. Kujikuna nako huongeza nyufa. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi. Mara nyingi mahali hapo huzidi weusi, na ugonjwa huchelewa kutambuliwa.

Jinsi ya kujikinga

Oga kwa maji ya uvuguvugu, wala usikawie. Epuka sabuni ya kufulia, kwani ni alkali, hali ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Jifute taratibu, kisha upake mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu. Mafuta hayo hayaleti maji. Huyazuia yaliyomo yasitoroke.

Mahali panapotoa majimaji au usaha pahitaji kuonwa na mganga hospitalini, na krimu zenye steroidi zisitumiwe pasipo ushauri wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ngozi, maneno hayo ni kweli tupu.