Umepangiwa Bingwa Raundi ya Kwanza? Fanya Hivi

Mashindano mengi ya chesi hutumia mfumo wa Uswisi. Wachezaji hupangwa kwa viwango, kisha orodha hukatwa katikati: mkiwa 20, wa 1 hukutana na wa 11, na wa 10 hukutana na wa 20. Basi kijana wa Mbagala asishtuke kumkuta mkongwe mbele yake asubuhi ya kwanza. Mimi mechi hizi nazipenda kuliko zote.

1. Wahi. Saa yako inaweza kuwashwa kiti chako kikiwa kitupu, na dakika ulizoacha kwenye foleni ya Mtongani hurudishiwi.

2. Sahau kijiweni. Kwenye drafti ya Tandika au Mwananyamala kila mtazamaji ni kocha. Hapa ni kimya. Na ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, ni hiyo hiyo. Ikibidi, kalia mikono.

3. Usikimbilie kubadilishana kete. Tukimwogopa mtu, wengi wetu tunalana naye kila kitu tukitafuta sare. Hapo ndipo tunapojimaliza, maana kete zikibaki chache ndipo ufundi wake unapoonekana: askari mmoja wa ziada anapenya hadi ng'ambo na kugeuka malkia. Acha ubao uwe na watu. Mfiche mfalme mapema, na kabla ya kila hatua jiulize: hii aliyocheza sasa hivi inatishia nini?

4. Kwa hesabu ya viwango iitwayo Elo, aliyekuzidi pointi 200 hutarajiwa kupata wastani wa 0.76 kwa mchezo. Robo inayobaki ni yako, idai.

5. Ukizidiwa, usiinuke haraka. Ikiwa ni zamu yako, mfalme wako hashambuliwi na huna hatua halali hata moja, ni sare. Mabingwa wenye pupa hunasa hapo.

6. Ukifungwa, omba mrudie mchezo pamoja. Mwaka 2010, kwenye Olimpiadi ya chesi huko Khanty-Mansiysk, Urusi, Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, alifungwa na Dina Kagramanov, bingwa wa wanawake wa Kanada. Baadaye Kagramanov akampa vitabu vya chesi. Olimpiadi iliyofuata, Istanbul 2012, Phiona alijipatia cheo cha kimataifa. Aliyekufunga anaweza kukufundisha, kwa hiyo usiitupe karatasi uliyoandikia hatua. Iweke mezani, umuulize aliyekufunga: niliharibu wapi kwanza?