Watu watatu walionifundisha kazi Rwamgasa



Kwa somo la robo hii nimeombwa nieleze jambo moja nililojifunza katika miaka yangu ya kuratibu miradi. Ningeweza kueleza habari za semina na vyeti. Lakini nikikumbuka vizuri, walionifundisha kazi hii ni watu watatu niliokutana nao Rwamgasa, na hakuna kati yao aliyejua kwamba ananifundisha. Majina yao siyataji.

Rwamgasa na zebaki

Kwa wale ambao hawajafika huku, Rwamgasa ni kata ya wilaya ya Geita, katika ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Victoria. Wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, hupandisha mawe kwa viroba na kuyasaga kwenye karasha. Unga wake huoshwa kwenye mwalo, juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, na donge jeupe linalobaki huchomwa motoni. Zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta huingia mapafuni na kwenye damu, hudhuru ubongo na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau na kukosa usingizi. Kwa mama mjamzito sumu humfikia mtoto tumboni. Zebaki inayoingia mitoni hubadilika na kukaa ndani ya samaki. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa maji yaliyochafuliwa na kiwanda. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukapewa jina la Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Rwamgasa ilihusika mapema. Kati ya mwaka 2002 na 2007 shirika la UNIDO liliendesha Mradi wa Zebaki Duniani katika nchi 6, na kwa upande wa Tanzania eneo la mfano lilikuwa hapa. Kwa hiyo nilipofika mara ya kwanza mwaka 2006, Geita ikiwa bado katika mkoa wa Mwanza, sikuwa wa kwanza kuleta habari hizi. Mimi nilidhani ndiye wa kwanza.

Mtu wa kwanza: mama aliyeniuliza swali

Nilimkuta jioni nyumbani kwake, chumba kimoja cha udongo na bati. Alikuwa amechota mchanga uliotupwa na wengine, akauosha kutwa nzima, na sasa alikuwa akichoma donge dogo kwenye kijiko, juu ya jiko lile lile la mkaa ambalo angepikia ugali. Mtoto alikuwa mgongoni.

Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," kisha nikaanza mahubiri yangu. Nilimweleza mapafu, ubongo, mtoto. Alinisikiliza kwa heshima. Akamfungua mtoto, akampa binti yake amtoe nje. Kisha akaniuliza: "Nimekusikia, mwanangu. Sasa nichomee wapi?"

Nikamwambia achomee nje, mbali na watu. Akatikisa kichwa. Mnunuzi hapokei donge lenye zebaki, anataka dhahabu iliyochomwa. Akichomea mwaloni, wanaomdai wataona na kuchukua palepale kabla watoto hawajala. Akichomea porini peke yake, ataporwa. Ndani ya nyumba ndipo mahali pekee ambapo dhahabu yake ni yake.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na orodha ya madhara, naye alikuwa na hesabu ambayo mimi sikuwahi kuipiga. Hakuwa mjinga wa hatari. Alikuwa amepima hatari mbili na kuchagua iliyo mbali.

Mtu wa pili: mzee wa karasha

Mwaka uliofuata tulipata fedha za kununua retoti 10. Retoti ni chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Inaweza kutengenezwa hata kwa vipande vya bomba la maji. Donge huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa na kurudi kuwa zebaki, ambayo inaweza kutumika tena. Tulizigawa kwa shangwe na kupiga picha. Katika taarifa kwa wafadhili niliandika: "Retoti 10 zimegawiwa kwa wachimbaji." Sentensi ile ilikuwa kweli.

Miezi michache baadaye nilimtembelea mzee mmoja mwenye karasha. Retoti yake ilikuwa inazuia mlango usifungwe na upepo. Nilikasirika, naye aliona. Akanivutia kigoda, akaagiza chai kwa mama ntilie, akasema: "Kaa, baba. Wewe hukutuuliza."

Ndipo akanieleza. Wenye mawe ni wengi: mwenye duara, wachimbaji wenyewe, mwenye karasha, na wakati mwingine mtu aliyewakopesha chakula. Wote husimama kuzunguka moto, kila mmoja akitazama donge linavyogeuka kutoka jeupe kuwa la njano. Ukiliweka donge ndani ya chuma kilichofungwa, hakuna anayeona. Dhahabu ikitoka pungufu ya walivyotarajia, atakayeshikwa mashati ni mwenye chombo. "Chombo chako kizuri," alisema, "lakini kitatugombanisha."

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwaka mmoja kabla: basi tufanyeje? Jibu lake alikuwa nalo tayari. Lijengwe banda lisilo na kuta kando ya karasha, mbali na jikoni. Donge lipimwe kwenye mizani mbele ya wote kabla ya kuwekwa, na chombo kifunguliwe mbele ya wote kikishapoa. Zebaki iliyorudi imiminwe kwenye chupa na apewe mwenyewe. Tulifanya hivyo. Hotuba yangu ya mapafu haikuwa imewageuza wengi. Ile chupa iliwageuza baadhi yao, kwa sababu zebaki hununuliwa kwa fedha, na kila mtu aliona fedha yake ikirudi badala ya kupaa hewani. Yule mama niliyemtaja naye akaanza kuja bandani, pamoja na wenzake, kwa kuwa wakiwa kundi hakuna wa kuwapora.

Sisemi kwamba zebaki imekwisha. Bado inatumika, na wapo waliorudi kwenye kijiko pale dhahabu ilipokuwa kidogo na haraka kubwa. Lakini banda lilitumika, na lilitokana na mawazo ya mzee yule.

Mtu wa tatu: mtoto wa mwaloni

Mwaka 2009, siku ya shule, nilimkuta mvulana wa miaka kama 12 amesimama ndani ya maji ya mwalo hadi magotini. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo nilimuuliza kwa ukali kidogo kwa nini hayuko darasani. Akasema hana sare wala madaftari. Usharika ukachanga, tukanunua vyote, nami nikaandika taarifa nyingine nzuri.

Baada ya wiki chache alikuwa mwaloni tena, sare ikiwa imekunjwa vizuri nyumbani kwa bibi yake. Bibi alitueleza bila hasira: "Mmemvika, lakini mimi na wadogo zake tunakula alichopata yeye." Tulikuwa tumemwondoa mlezi wa nyumba, na pengo lake hatukulijaza.

Kamati ya usharika, na hapa nawapongeza, ilikaa na bibi yule. Wakamwingiza katika kikundi cha kuweka na kukopa, akaanza kuuza dagaa na nyanya. Ilichukua zaidi ya mwaka. Kijana alimaliza darasa la saba. Leo ni dereva wa bodaboda. Hakuwa daktari, kama tunavyopenda kuandika, lakini hakukulia ndani ya beseni la zebaki.

Habari yake haikuwa ya nyumba moja. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania, na Geita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Sheria ni ya lazima, lakini bibi anahitaji pia chakula cha jioni.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tuulize kabla ya kufundisha. Bwana wetu alimuuliza kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, ingawa shida yake ilionekana na kila mtu.

Pili, tutofautishe kilichogawiwa na kinachotumika. Ndugu wafadhili, mkisoma katika taarifa zetu kwamba vitu kadhaa vimegawiwa, mna haki ya kuuliza viko wapi leo. Nasi wa miradi tuwe na ujasiri wa kujibu kwamba kimoja kinazuia mlango.

Tatu, tukimwondoa mtu kwenye hatari, tuangalie nani alikuwa akila kutokana na hatari ile.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni mradi gani katika usharika wetu ulioanza bila kuwauliza walengwa? Ulifikia wapi?
2. Tukitembelea leo vitu tulivyogawa miaka 2 iliyopita, tutavikuta vinafanya kazi gani?
3. Je, kuna mtoto katika mtaa wetu anayefanya kazi badala ya kusoma? Nani anategemea kipato chake?
4. Yule mama aliuliza, "Nichomee wapi?" Ni swali gani kama hilo ambalo watu wetu wametuuliza na bado hatujalijibu?

Tafadhali mweke majibu ya swali la nne katika muhtasari wa kikao na kuyaleta ofisini. Tutaanza nayo tunapopanga kazi za mwaka ujao.