Dondoo muhimu: Nyumba ng'ambo ya mpaka wa Kasesya

Mwenye fremu Malangali, Sumbawanga, na magunia ya mahindi ghalani anategemea soko lilelile: bei ikianguka Ufipa, wapangaji wake nao hukwama kulipa kodi. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuwekeza Zambia. Mbala ni karibu, lakini nako hulimwa mahindi. Kitwe, mji wa shaba, hutawanya hatari vizuri zaidi. Utasema kwacha huyumba. Kweli, ila haiyumbi kwa kufuata mavuno ya Sumbawanga. Kikwazo kikubwa ni Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995, inayomtaka mgeni anayetaka kumiliki ardhi awe mwekezaji anayetambuliwa, mkazi wa kudumu au mwenye kibali cha Rais. Upangaji usiozidi miaka 5 unaruhusiwa. Anza na huo, na ukinunua, hati usiiandikishe kwa jina la shemeji Mzambia: kisheria nyumba itakuwa yake.