SOMO LA UVUVI: CHAMBO CHA KUELEA KATIKA MAJI YENYE MAGUGU

Katika Ulaya na Marekani Kaskazini yupo samaki mwindaji aitwaye pike, ambaye hujificha katika majani ya majini na kurukia windo lipitalo. Samaki huyo hayumo katika maji ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, elimu ya kumvua kwa chambo kinachoelea ina manufaa hapa nchini, kwa kuwa magugu humsumbua mvuvi popote alipo. Nchini Kenya njia hiyo hufaa kwa bass wa Ziwa Naivasha, samaki aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929.

Maji ya Mlima Meru

Vijito vya miteremko ya Meru huingia Mto Kikuletwa, ambao pamoja na Mto Ruvu hujaza Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji hushuka katika Mto Pangani. Karibu na jiji la Arusha, huko Tengeru, lipo Ziwa Duluti lililomo katika kasoko ya volkano, na kingo zake zina mafunjo na matete. Maziwa ya Momela yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na maji yake ni ya magadi. Hayahusiki na somo hili.

Samaki mwindaji wa maji ya bonde la Pangani ni kambare. Hula wadudu, vyura na samaki wadogo, na hupanda juu kuvuta hewa. Aghalabu huwinda usiku, akitegemea harufu na sharubu zake kuliko macho.

Kuchagua chambo

(a) Chambo kiwe chepesi, kielee juu ya majani. Kipande cha soli ya kandambili kuukuu chatosha.

(b) Ncha ya ndoana ielekee juu na kulala karibu na mwili wa chambo, au ikingwe kwa waya mwembamba uliopindwa mbele yake. Samaki aumapo, kinga hulegea na ncha hujitokeza.

(c) Rangi si jambo kubwa. Samaki hukitazama chambo kutoka chini na kuona kivuli chake mbele ya mwanga wa anga; kwa hiyo umbo na mwendo ndivyo vya kuzingatiwa, na rangi nyeusi huonekana vema wakati wa machweo.

(d) Kwa kambare, chambo cha bandia pekee hakitoshi. Yafaa ndoana itiwe kipande cha samaki au utumbo wa kuku, kining'inie chini ya kielezi kwa kiasi cha shubiri moja.

(e) Mshipi uwe nene na imara, kwani samaki aliyenaswa hukimbilia ndani ya majani.

Kutumia chambo

Wakati unaofaa ni alfajiri na jioni, maji yakiwa yametulia. Chambo hurushwa mbele ya uwazi ulio baina ya magugu, kisha huvutwa polepole mpaka kifike katika uwazi huo. Hapo kisimamishwe kwa muda, ndipo kitikiswe kidogo. Samaki akirusha maji, mvuvi asivute papo hapo. Angoje mpaka ausikie uzito wake katika mshipi. Wengi hupoteza samaki kwa kuvuta mapema, kabla chambo hakijaingia kinywani.

Tahadhari

Ndoana isiyo na kinga hunasa katika magugu, na mvuvi hushawishika kuingia majini kuinasua. Hapo ndipo penye hatari. Konokono wanaoeneza kichocho hukaa katika majani ya maji yaliyotulia, na vijidudu vyao hupenya ngozi ya mtu. Heri ndoana ipotee kuliko afya. Aliyekwisha kuingia katika maji ya namna hiyo apimwe katika kituo cha afya, maana kichocho kina dawa.

Mshipi uliokatika usiachwe, kwa kuwa hufunga miguu ya ndege. Uvutwe kwa ufito kadiri iwezekanavyo na kutupwa mbali na maji.

Magugu yasing'olewe ovyo. Ndiyo kimbilio la vifaranga vya perege. Nyavu za kukokota huyang'oa na kuzoa wakubwa kwa wadogo, ilhali ndoana huchukua samaki mmoja mmoja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na baruti. Kila anayekusudia kuvua anakumbushwa kupata kibali kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya husika, na pale maji yalipo ndani ya hifadhi ya msitu, kwa wasimamizi wa hifadhi hiyo.