Umoja Ulio Udhaifu: Vifungashio vya Chakula vya Matabaka Mengi na Ugumu wa Kuvirejeleza

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Katika kifungashio cha plastiki chenye matabaka mengi, methali hii ina ukweli wa nusu tu: umoja wa matabaka ni nguvu kikiwa dukani, lakini ni udhaifu kikifika jaani. Makala haya yanafafanua muundo wa vifungashio hivyo, yanaeleza sababu za ugumu wa kuvirejeleza, na kushikilia kwamba kiini cha tatizo si wingi wa matabaka bali ni kule kugandishwa kwake.

Ni muhimu dhana mbili zitofautishwe mapema. Kutumia tena ni kukirudisha chombo kazini kikiwa na umbo lilelile, kama mkebe wa mafuta ya kupikia unavyogeuka gorogoro ya kupimia mahindi sokoni. Kurejeleza ni kukivunja au kukiyeyusha chombo ili mali yake iunde kitu kipya. Pakiti ya krispi ikishafunguliwa haifai kwa la kwanza, na ni shida kwa la pili.

Muundo wa Kifungashio

Kwa kawaida, tabaka la nje huwa plastiki ngumu inayobeba maandishi na picha, aghalabu PET au polipropilini. La katikati huwa na alumini, ama karatasi nyembamba ya metali hiyo ama utando wake uliopakwa kwa njia ya mvuke. Kazi yake ni kuzuia mwanga, oksijeni na unyevu. La ndani mara nyingi huwa polithini, ambayo huyeyuka kwa joto dogo na kuifunga pakiti. Matabaka yote haya kwa pamoja mara nyingi hayazidi unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini huweza kuhifadhi chakula kwa miezi mingi. Faida hiyo haifai kubezwa, kwani chakula kinachoharibika nacho ni hasara.

Sababu za Ugumu

Sababu ya kwanza ni joto. Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, polipropilini 160 hivi, PET 250 hivi, na alumini 660. Hata zinapoyeyushwa pamoja, plastiki hizi hazichanganyiki vyema, mithili ya mafuta na maji. Zao lake huwa dhaifu na hukatika upesi.

Sababu ya pili ni utambuzi. Mchambuzi wa taka anayetegemea macho na mikono hawezi kujua kilichofichwa katikati ya pakiti, wala hawezi kulibandua tabaka moja kutoka kwa jingine.

Sababu ya tatu ni uzito. Anayeishi kwa kuokota taka hulipwa kwa kilo. Ikiwa chupa ya PET ina gramu 25, chupa 40 hutimiza kilo moja. Ikiwa pakiti ina gramu 4, zitahitajika pakiti 250, na hata akizikusanya, mnunuzi ni nadra. Biashara ya kadogo huzidisha tatizo hili, kwa kuwa kadiri kipimo cha bidhaa kinavyopungua ndivyo kiasi cha kifungashio kwa kila kilo ya chakula kinavyoongezeka.

Nafasi ya Sheria

Marufuku iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya viwandani vinavyogusana moja kwa moja na bidhaa havikujumuishwa. Mwelekeo mpya ulikuja na Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, pamoja na kanuni za mwaka 2024, zinazomtaka mzalishaji awajibikie kifungashio chake hata baada ya mnunuzi kukitupa.

Funzo la Mfuko wa Nafaka

Mifuko ya PICS, inayotumiwa na wakulima kuhifadhi mahindi na maharagwe, ina matabaka matatu: mifuko miwili ya polithini ndani ya gunia la polipropilini iliyofumwa. Hewa huzuiwa kuingia, na wadudu hufa bila dawa. Hata hivyo, matabaka hayo hayakugandishwa; mfuko wa ndani ukitoboka, hutolewa peke yake. Ni kweli kwamba pakiti ndogo haiwezi kuundwa kama gunia. Kwa pakiti hizo, njia mojawapo ni kuunda matabaka yote kwa plastiki ya jamii moja ili yayeyuke pamoja, ingawa si kila chakula kitapata kinga ileile.

Hitimisho

Jukumu la wanaisimu katika suala hili si dogo. Katika maonyo kama "usitupe taka ovyo", mtenda ni mnunuzi. Aliyeiunda pakiti isiyoweza kubanduliwa hatajwi. Lugha ya uhamasishaji ikibaki hivyo, lawama itaendelea kumwangukia mtu asiye na uwezo wa kulirekebisha kosa. Inafaa Kiswahili kimtaje mtenda wa kwanza pia, kwa kuwa hatima ya pakiti huamuliwa kiwandani kabla haijafika mkononi mwa mlaji.