Kumtembelea Ndugu Bergen: Anza na Hesabu, Tiketi Baadaye

Wengi wetu tulio Ghuba au Uingereza tuna ndugu waliotangulia Norwei. Baadhi ni Wakongo waliochukuliwa kule kama wakimbizi kutoka Uganda, wengine wameolewa au wamekwenda kusoma. Sasa dada anapiga simu kutoka Bergen: njoo basi, hata siku kumi tu, tuonane. Somo la leo ni la mtu huyo anayeitwa. Tutachukua mfano wa dada anayefanya kazi za ndani Muscat kwa mshahara wa riali 120, lakini fundi aliyeko Doha au Dubai anaweza kubadilisha tarakimu tu na kuendelea nasi.

Jambo la kwanza ni viza, maana ndiyo inayoamua kama hesabu nyingine zina maana. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi anahitaji viza, hata akiwa na ikama ya Ghuba au kibali cha kuishi Uingereza. Unaomba ukiwa katika nchi unayoishi kihalali, huhitaji kurudi nyumbani kuomba. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake juu. Ukinyimwa, pesa hiyo hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua siku 15, ila linaweza kufika siku 45. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 mbele baada ya siku ya kutoka Schengen, na bima ya safari ifikie yuro 30,000.

Sasa tuje penye kiini, yaani taarifa ya benki. Hapa ndipo watu wetu huumia, tena watu waaminifu kabisa. Mshahara unaingia tarehe 1, tarehe 2 mama ametumiwa, ada ya mtoto imelipwa, akaunti imebaki riali 3. Kila mwezi hivyo hivyo. Wewe unaona umetimiza wajibu, lakini ofisa wa viza anaona mtu asiye na uwezo wa kujilipia safari. Halafu wiki moja kabla ya kuomba, mtu anaazima riali 500 kwa wenzake na kuzitupa benki kwa mkupuo. Jamani, hilo linaonekana waziwazi kwenye karatasi. Pesa iliyoingia jana haina historia, na ofisa atajiuliza imetoka wapi.

Dawa yake ni akaunti ya pili, au hata hiyo hiyo moja, lakini kiasi fulani kibaki kila mwezi kabla ya kutuma nyumbani. Kama unacheza upatu na zamu yako imefika, pesa ni halali na ni yako, ila andikeni karatasi inayoonyesha wanachama, kiasi na tarehe za zamu, kisha uiambatanishe. Na kama dada wa Bergen ndiye anayelipa, ni safi zaidi akate tiketi mwenyewe na kujaza fomu ya dhamana kwa mamlaka ya kule kuliko kukutumia fedha zikajaa ghafla kwenye akaunti yako.

Norwei hutumia mwongozo wa kama krone 500 kwa siku kwa mgeni, na kiasi hicho kinaweza kupungua kama mwenyeji anakupa malazi na chakula. Tuseme mwenyeji hana uwezo mkubwa, ubebe chote. Siku 10 ni krone 5,000. Tukichukua krone 10 kwa dola 1 ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni dola 500, yaani kama riali 192. Weka riali 250 za tiketi ya kwenda na kurudi, 55 za viza na kituo, 15 za bima, na 48 za dharura. Bei za tiketi na bima ni makadirio yetu ya mfano, wewe weka ulizoulizia. Jumla riali 560. Ukiweka riali 35 kwa mwezi, ni miezi 16.

Miezi 16! Wengine wataguna. Lakini angalia mbadala wake: kukopa, au kukata pesa ya nyumbani karibu miezi mitano mfululizo. Sisi hatumshauri mtu asimamishe ada ya mtoto ili akaone bandari. Ongeza pia kitu kinachosahaulika: kama likizo yako haina malipo, theluthi ya mshahara, kama riali 40, imeondoka nayo. Na ruhusa ya tajiri iwe ya maandishi, kwa sababu barua hiyo ndiyo inayomwambia ofisa kwamba una kazi ya kurudia. Walioko Saudia wahakikishe viza ya kutoka na kurudi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Tena usinunue tiketi kabla viza haijatoka. Shika nafasi tu. Na chagua njia inayoingia moja kwa moja Schengen, kwa mfano kupitia Amsterdam au Copenhagen, maana ukipitia London huenda ukadaiwa viza nyingine ya kupita.

Kuhusu fedha zenyewe: riali ya Omani, dirham na riyal ya Saudia zimefungwa kwenye dola, lakini krone inapanda na kushuka. Basi usikadirie leo ukalala miezi 16. Kila baada ya miezi mitatu piga hesabu upya. Norwei haitumii yuro, kwa hiyo usibadilishe pesa mara mbili. Karibu kila mahali wanapokea kadi, na mashine ikikuuliza ulipe kwa riali au kwa krone, chagua krone. Ukichagua sarafu yako, mwenye mashine ndiye anayekupangia bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni mbaya.

Ukifika uwanja wa Flesland, kuna basi la uwanjani lenye haraka na bei yake, na kuna treni ya mjini inayoitwa Bybanen inayokufikisha katikati kwa dakika kama 45 kwa nauli ya kawaida. Panda hiyo. Tiketi ikatwe kabla ya kupanda, faini zao si za mchezo. Soko la samaki la Torget ni zuri kwa macho, lakini bei zake ni za watalii. Chakula nunueni Rema 1000 au Kiwi, na mfanye hivyo Jumamosi kwa sababu maduka mengi hufungwa Jumapili. Maji ya bomba yanyweni, msinunue chupa.

Bergen ina mvua nyingi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo koti la mvua muhimu kuliko sanduku zuri. Azima kwa mwenyeji. Mei na Juni kwa kawaida ndiyo afadhali. Juni jua huzama baada ya saa 5 usiku, wanaoswali wajipange na hilo. Nyumba za mbao za Bryggen, walipouzia wafanyabiashara wa Kijerumani samaki mkavu karne na karne, hutazamwa bure kwa nje. Mafundi wetu watapenda kuona mbao zilizojengwa upya baada ya moto wa 1702. Mlima Fløyen una treni ya kamba tangu 1918, ila njia ya miguu ni bure, mita kama 320 tu kwenda juu.

Viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya siku moja ya kusafisha. Wakala akikuambia atakupa viza ya matembezi na kazi hapo hapo, usimpe hata riali. Soma tarehe na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye viza: siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka inahesabiwa.