Siku ya Kwenda Kotini: Mambo ya Langoni, Barazani na Mle Ndani



Katika semina zetu swali linalorudi kila mara halihusu vifungu vya sheria. Watu huniuliza, "Sasa nikifika pale nifanye nini?" Mtu ana kesi ya shamba, ama ameitwa ushahidi kwa sababu aliona ng'ombe wa jirani akiibiwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo hapati usingizi. Ukweli wake anao. Kinachomnyima usingizi ni lile lango, wale askari, na yule mtu anayekaa juu. Somo la leo ni kuhusu hayo. Mwenye kusoma awasomee wenzake pole pole, na mkifika mahali penye ubishi simameni hapo mjadiliane.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane, katika kikundi nilichokuwa nikitembelea, alikuwa amemshtaki mtu aliyechukua magunia yake ya mahindi na kukataa kulipa. Tulikaa naye siku nyingi. Tulipanga karatasi zake, akajua kueleza habari yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Siku ya kesi ikafika, nami nilikuwa na mkutano mahali pengine, nikamwambia aende tu, mambo yako sawa. Yule mama alipanga kupitia sokoni akitoka kotini, kwa hiyo ndani ya kiondo alitia kisu chake cha kukatia sukuma. Langoni kisu kikaonekana. Akatolewa kwenye foleni, akaulizwa maswali, jina likaandikwa kwenye kitabu, kisu kikawekwa kando. Alipoachiliwa alikuwa anatetemeka, tena hakujua chumba ni kipi.

Wakati huo jina lake lilikuwa limeitwa mara tatu na hakuna aliyeitika. Mwenye deni alikuwa pale. Kesi ikatupwa kwa sababu mlalamishi hakufika. Na yeye, maskini, aliingia akaketi benchi ya nyuma akangoja mpaka saa saba mchana watu walipotoka kwenda kula. Jioni aliniuliza, "Kwani walinisahau?"

Tuliandika ombi la kurudisha kesi, tukaeleza sababu, na hakimu akakubali. Hilo mlijue: kesi ya madai ikitupwa kwa kukosa kufika, unaweza kuomba irudishwe, lakini uende haraka na uwe na sababu ya maana. Hata hivyo miezi ilipita, na nauli yake ilikuwa inatoka kwa kuku wake. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu isipokuwa lango.

Kwa nini tunapekuliwa

Wengine husema kupekuliwa ni kudharauliwa, hasa wazee. Mzee mmoja aliniambia ati yeye si mwizi, kwa nini apapaswe. Ninamwelewa. Lakini tukumbuke yaliyotokea tarehe 13 Juni 2024 katika Mahakama ya Makadara, Nairobi. Hakimu Monica Kivuti alikuwa ameondoa dhamana ya mshtakiwa ambaye hapo awali hakufika kotini na hakutoa sababu ya kuridhisha. Mume wa mshtakiwa, ambaye alikuwa afisa wa polisi, akatoa bastola na kumpiga hakimu risasi palepale. Askari waliokuwepo wakampiga risasi akafa, na polisi wengine walijeruhiwa. Hakimu alifariki siku mbili baadaye, tarehe 15. Mama huyu alikuwa kazini, akifanya jambo ambalo mahakimu hufanya kila wiki kila mahali nchini.

Baada ya hapo ulinzi katika mahakama nyingi uliongezwa. Na ona kwamba aliyefanya kitendo kile hakuwa mlevi wa mtaani wala mtu wa kuvaa matambara. Ndiyo maana askari wa langoni akikupekua wewe, na akipekua wakili, na akimpekua afisa aliyevaa nguo za kiraia, anafanya sawa. Mahali pa kulalamika ni pale anapowapitisha wakubwa na kuwasimamisha wadogo peke yao.

Kwa hiyo usibebe kisu, panga, jembe, mundu, rungu, wembe wala makasi. Mwanaume anayetembea na kisu kidogo kwenye mshipi kwa desturi, akiache nyumbani. Mwenye bunduki ya leseni haingii nayo chumbani. Usibebe chupa ya pombe, wala usije umekunywa hata kidogo, maana ukinuka pombe mbele ya hakimu hakuna maneno yako yatakayosikika. Kama ni lazima upitie sokoni ama shambani, acha vyombo kwa mtu unayemjua mjini. Mkongojo wa mzee asiyeweza kutembea bila huo ni jambo lingine. Aeleze langoni kwa upole.

Upekuzi nao una heshima yake. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema mwanamke akipekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Kama langoni kuna askari wanaume tu, mama ana haki ya kusema, "Naomba aitwe mwanamke." Aseme bila kelele. Na hakuna ada ya kuingia kotini. Askari akikuambia "toa ya chai," hiyo ni hongo, na dawati la huduma kwa wateja ndani ya mahakama lipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo.

Fika mapema. Koti nyingi huanza saa tatu asubuhi. Ukifika saa mbili kamili utapita langoni bila presha, utasoma orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani, utajua chumba chako. Asiyejua kusoma amwonyeshe karani karatasi yake ya wito. Uliza pia kama siku hiyo kesi inatajwa tu, ile watu huita mensheni, ama inasikizwa. Siku ya kutajwa mashahidi hawatoi ushahidi, na vikundi vingi vimemaliza nauli kwa kusafirisha mashahidi sita siku ambayo kesi inapangiwa tarehe tu. Mshtakiwa mwenyewe lazima afike siku zote mbili, la sivyo hakimu anaweza kutoa waranti akamatwe.

Mle ndani

Hakimu akiingia mnaambiwa msimame. Simama, inama kidogo, ngoja aketi kwanza. Kofia ivuliwe, isipokuwa ile ya dini. Simu izimwe kabisa, maana hata ile ya kutetemeka husikika kwenye benchi la mbao. Kupiga picha ama kurekodi bila ruhusa ya mahakama hakuruhusiwi, na vijana wetu wenye simu kubwa wawe waangalifu hapa. Usile, usitafune miraa, usisome gazeti. Mtoto akilia, mama atoke naye kidogo, hakuna atakayekuchukia. Hakimu huitwa "Mheshimiwa". Ukisemeshwa, simama.

Usimrushie mahabusu kitu chochote, hata mkate, hata kama ni mtoto wako mwenyewe. Najua uchungu wake. Umemwona wiki ya pili, amekonda. Lakini askari hawajui ndani ya mkate mna nini, na wewe utajikuta upande ule mwingine. Omba ruhusa ya askari ukitaka kusema naye.

Kuhusu mavazi nina msimamo wangu. Vaa safi, nguo ya heshima. Lakini nimesikia watu wakiazima viatu kijiji kizima, wengine hata kukosa kwenda kwa sababu wana patipati tu. Nenda! Katiba kifungu cha 159 inasema haki itendewe watu wote bila kujali hadhi yao. Patipati zilizooshwa ni viatu.

Ukiitwa ushahidi utaapa kwa kitabu cha dini yako, ama utathibitisha tu kama dini yako hairuhusu kiapo. Kisha sema uliyoyaona kwa macho yako. Sema pole pole, kwa sababu maneno yako yanaandikwa. Katika mahakama za mahakimu lugha ni Kiingereza ama Kiswahili. Kama Kiswahili chako ni cha kuombea maji, sema mapema unataka mkalimani. Kwa mshtakiwa, Katiba kifungu cha 50 inampa mkalimani bila malipo. Usijibu "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa. Watu wamekubali makosa kwa njia hiyo, wakidhani wanasalimiwa.

Shahidi ambaye hajatoa ushahidi haketi ndani kusikiliza wenzake. Angoje nje mpaka aitwe. Wengi hawajui jambo hili. Kikundi kinakuja na mashahidi wanne, wote wanaingia na kuketi mstari wa mbele kwa moyo wa umoja, halafu wakili wa upande mwingine anasimama na kusema hawa wamesikia kila kitu. Umoja wenu unageuka kuwa mzigo. Na ukishamaliza ushahidi wako, usitoke nje kumwambia anayefuata ulichoulizwa.

Hukumu ikikuumiza, funga mdomo. Kumtukana hakimu ama kuvuruga kikao ni kosa chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015. Unaweza kuzuiliwa, kutozwa faini ama kufungwa siku hiyo hiyo. Uchungu wako upeleke kwenye rufaa. Kesi ya jinai una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kesi ya madai siku 30. Hesabu siku tangu hukumu kutolewa, na usiketi nyumbani ukilia wiki mbili zipite.

Siku hizi kesi nyingine husikizwa kwa simu ama kompyuta, mtindo ulioenea tangu ugonjwa wa korona wa 2020. Adabu ni ile ile. Usiingie kwenye kikao cha hakimu ukiwa ndani ya matatu muziki ukilia.

Barazani ndipo penye hatari

Mtu akishapita lango hudhani sasa yuko salama. Lakini nje ya chumba, pale barazani na chini ya mti, mlalamishi na mshtakiwa hungoja pamoja saa nyingi. Hapo ndipo shemeji humsogelea mama na kumwambia kwa sauti ndogo, "Ukisema hayo, leo utalala wapi?" Hakuna kisu wala kelele. Askari anaona watu wa jamii moja wakiongea. Mama akiitwa ndani anasema hakumbuki kitu, na kesi inaishia hapo. Nimeona haya kwa kesi za mashamba ya wajane, na kwa kesi za watoto wa kike walionajisiwa, ambapo "wazee wa pande zote mbili wameelewana" juu ya mbuzi wawili.

Hapa kikundi kina kazi. Mwenye kesi asiende peke yake. Watu wawili ama watatu wamsindikize, wakae naye kila upande. Katiba inataka kesi ya jinai isikizwe hadharani, kwa hiyo mna ruhusa ya kuketi na kusikiliza, isipokuwa zile zinazofungwa kwa umma kama za watoto. Wasindikizaji wasiwe mashahidi katika kesi hiyo, kwa sababu niliyotaja hapo juu. Wasijibu matusi. Kazi yao ni kuwepo.

Ukitishwa, usinyamaze mpaka urudi nyumbani. Mwambie askari wa mahakama ama karani palepale. Kama ni kesi ya jinai mwambie mwendesha mashtaka kabla hujaingia. Ukiwa tayari kizimbani, sema, "Mheshimiwa, kabla sijaanza, nimetishwa hapo nje na mtu huyu." Mshtakiwa anayevuruga mashahidi anaweza kuondolewa dhamana. Nenda pia kituo cha polisi iandikwe, upewe namba ya OB. Kwa hatari kubwa kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi, uliowekwa kwa sheria ya 2006. Na kwa mtoto ama mtu aliyedhulumiwa kimwili, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu atoe ushahidi nyuma ya pazia, ama kupitia mtu wa kati, asilazimike kumtazama aliyemuumiza. Inabidi iombwe, kwa hiyo mkumbusheni mwendesha mashtaka.

Barazani pia kuna mabroka. Wamevaa tai, wanajua jina lako, wanasema wanaweza "kuongea na hakimu". Wengi wao hawajawahi hata kumsalimia hakimu. Malipo ya kweli ya mahakama hulipwa kwa simu ama benki na hutoa risiti. Pesa isiyo na risiti imepotea.

Neno moja kwa wenye madai kama ya yule mama wa mahindi. Tangu 2021 kumeanza Mahakama ya Madai Madogo, kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ulizeni kama imefika katika mahakama iliyo karibu nanyi.

Zoezi la kikundi

Pangeni viti kama koti: lango, baraza, chumba. Chagueni askari wawili wa langoni, karani, hakimu, mlalamishi, mshtakiwa, mashahidi wawili na broka mmoja. Askari wapekue vikapu vya kweli mlivyokuja navyo mkutanoni. Karani aite jina mara tatu. Broka afanye kazi yake kwa bidii. Mkimaliza, muulizeni mlalamishi: ni wapi uliogopa zaidi, na nani kati yetu alikuwa karibu nawe wakati huo? Kisha hesabuni visu vilivyopatikana kwenye vikapu. Kikundi cha mwisho nilichofanya nacho zoezi hili tulipata vinne, kimoja kikiwa cha mwenyekiti.